Shajara ya mradi: ramani saba za vita vya Wagiriki na Waajemi, 499–479 KK

Februari, mwanzoni

Kazi imeanza. Nachora karatasi saba za ramani, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili, kuanzia uasi wa Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, mwaka 499 KK hadi kuzingirwa kwa Sestos mwishoni mwa 479 KK. Zitachapwa kwa ukubwa wa kubandikwa ukutani darasani, na faili zake mtu yeyote atazipakua bure.

Kabla sijafungua programu ya ramani, nimeamua jambo moja ambalo litaongoza kazi yote. Ramani nyingi za vita hivi ni mishale mitupu: mwekundu wa Waajemi unashuka kutoka kaskazini, wa buluu wa Wagiriki unausubiri, na palipopiganwa pana alama ya panga mbili. Mishale haili wala hainywi. Watu, farasi na ngamia wanakula na kunywa kila siku. Kwa hiyo kwenye kila karatasi nitaanza kuchora mito, chemchemi, maghala ya nafaka na fukwe za kuvutia merikebu. Mishale itafuata baadaye, tena myembamba. Ninaamini kwa dhati kwamba aliyejua majeshi haya yalikula nini na yalilala wapi ameshaelewa sehemu kubwa ya sababu za kushinda na kushindwa kwao.

Kuhusu majina: Koreshi na Dario nawaandika kama wasomaji wengi wanavyowajua kutoka kwenye Biblia. Wengine wote nawaacha na majina yao.

Februari, katikati: karatasi ya 1, dola ya Waajemi

Hii ni ramani ya nchi kubwa mno, kutoka bonde la Indus hadi pwani ya Bahari ya Aegean. Koreshi aliiteka Sardis, mji mkuu wa Lydia, miaka ya 540 KK, na miji ya Wagiriki ya Ionia ikaangukia mikononi mwa Waajemi. Dario, aliyetawala kuanzia 522 hadi 486 KK, ndiye aliyeipanga dola kwa mikoa, kila mkoa chini ya liwali wake.

Mstari mnene kuliko yote kwenye karatasi hii ni barabara ya kifalme kutoka Sardis hadi Susa. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anahesabu vituo 111 na safari ya siku 90 kwa mwenda kwa miguu. Umbali wake ni karibu kilomita 2,500.

Hapa ndipo penye jambo linalonigusa sana. Masimulizi yote marefu ya vita hivi tuliyo nayo ni ya Wagiriki. Herodotus mwenyewe alizaliwa Halicarnassus, mji wa Kigiriki uliokuwa chini ya Waajemi, na anawatazama Waajemi kwa hamu ya kutaka kuwaelewa, lakini hata hivyo sauti yao wenyewe haisikiki. Walichoacha ni hesabu za ghala. Mwaka 1933 wachimbaji huko Persepolis walikuta maelfu ya vibao vidogo vya udongo vilivyoandikwa kwa Kielamu, vya enzi ya Dario: nani amepewa unga, nani shayiri, nani pombe, kiasi gani, kwa amri ya nani. Kibao kimoja kinamtaja mtu aitwaye Datiya, aliyetoka Sardis kwenda kwa mfalme akiwa na waraka wenye muhuri, akapewa posho ya pombe njiani. Wataalamu wamemtambua kuwa ni Datis, jemadari aliyeongoza jeshi la Marathon mwaka 490 KK. Nimekichora kibao hicho pembeni mwa karatasi. Humo mtu ambaye kwa Wagiriki ni adui tu anaonekana akifanya kazi: amechoka, yuko safarini, anasaini risiti ya posho. Dola iliyoweza kumlisha mjumbe kituo kwa kituo kwa siku 90 ndiyo iliyoweza kufikiria kuivamia Ulaya.

Machi, mwanzoni: karatasi ya 2 na ya 3

Karatasi ya 2, uasi wa Ionia, imekwisha haraka. Aristagoras, mtawala wa Miletus, mji wa Ionia, alishindwa kuiteka Naxos, kisiwa cha Aegean, mwaka 499 KK, akaogopa adhabu, akachochea uasi. Athens ilituma merikebu 20 na Eretria 5. Wakaichoma Sardis, kisha Waathens wakarudi kwao. Uasi ulivunjwa baharini karibu na kisiwa cha Lade mwaka 494 KK, na Miletus ikaharibiwa. Nimeacha nafasi tupu kubwa kwenye karatasi hii kwa makusudi, macho yaende kwenye merikebu zile 25. Ndizo zilizomfanya Dario aikumbuke Athens.

Karatasi ya 3, Marathon, imenishughulisha zaidi. Mwaka 490 KK Waajemi walikatiza visiwa, wakaiharibu Eretria, wakashuka Marathon. Aliyewaongoza hadi hapo ni Hippias, mtawala aliyefukuzwa Athens miaka 20 kabla. Tambarare ile ilifaa farasi, ufuko wake mrefu ulifaa kuvuta merikebu, na kando yake palikuwa na kinamasi. Nimepaka kinamasi hicho rangi ya kijani kibichi, maana wengi wa Waajemi waliouawa walifia humo wakikimbilia merikebu. Herodotus anasema Waathens waliokufa walikuwa 192. Walizikwa palepale, na kilima cha kaburi lao kipo hadi leo.

Sikuchora njia ya mkimbiaji wa kilomita 40 hivi kutoka Marathon hadi Athens, kwa sababu Herodotus hamtaji; hadithi hiyo inakuja karne nyingi baadaye. Anayemtaja ni Pheidippides, aliyekimbia kutoka Athens hadi Sparta kuomba msaada, karibu kilomita 240, akafika siku ya pili. Wasparta walijibu kwamba sheria yao haiwaruhusu kutoka kabla mwezi haujawa mpevu. Njia hiyo nimeichora yote, na vilima vyake.

Machi hadi Aprili: karatasi ya 4, safari ya Xerxes

Hii ndiyo karatasi niliyoanzishia mradi mzima, na imepewa muda kuliko nyingine yoyote.

Dario alikufa mwaka 486 KK. Mwanawe Xerxes, ambaye wengi wanamtambua kuwa Ahasuero wa kitabu cha Esta, aliuzima kwanza uasi wa Misri, kisha akaanza maandalizi ya Ugiriki. Ukiyatazama maandalizi yale kwa jicho la mtunza ghala, utamwona mfalme tofauti kabisa na yule mwenye majivuno wa hadithi.

Kwanza, maghala. Herodotus anataja mahali chakula kilipolimbikizwa miaka kadhaa kabla ya jeshi kupita: Rasi Nyeupe kwenye pwani ya Thrace, ambako kililetwa kingi kuliko kwingine, kisha Tyrodiza, Doriscus, Eion kwenye mto Strymon, na Makedonia. Nimevichora vituo hivi kwa alama kubwa ya gunia. Ukiviunganisha kwa mstari, umeshapata njia ya jeshi bila kuhitaji mshale.

Pili, mfereji wa Athos. Mwaka 492 KK merikebu za Mardonius, jemadari wa Waajemi, zilipigwa na dhoruba chini ya mlima huo. Herodotus anasema karibu 300 zilipotea. Xerxes akaamuru shingo ya nchi ikatwe, upana wa kilomita 2 hivi. Kila taifa lilipewa kipande chake cha kuchimba. Wengi walichimba kuta wima, upana uleule juu na chini, na kuta zikawa zinawabomokea, kazi ikawa mara mbili. Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, walianza juu kwa upana maradufu wa ule uliotakiwa, wakawa wanaupunguza kadiri walivyoshuka, hadi chini wakawa sawa na wenzao. Waliosimama juu ya wachimbaji waliinua udongo kwa kupokezana, mtu kwa mtu, ngazi kwa ngazi. Nimechora mchoro mdogo wa kuta hizo mbili, wima na mteremko, kwa sababu fundi yeyote aliyewahi kuchimba shimo la choo kwenye udongo wa kichanga ataelewa mara moja. Kwa muda mrefu walikuwepo waliodhani mfereji huo ni uongo. Vipimo vya chini ya ardhi vilivyofanywa mwishoni mwa karne ya 20 vimeonyesha kwamba ulikuwepo, kutoka bahari hadi bahari.

Tatu, madaraja ya Hellespont, mlangobahari ambao leo unaitwa Dardanelles, Uturuki. Ya kwanza yalivunjwa na dhoruba, na kila mtu anakumbuka viboko 300 ambavyo bahari ilichapwa kwa amri ya mfalme. Mimi nimempa nafasi kubwa zaidi fundi aliyefuata. Merikebu zilipangwa ubavu kwa ubavu, 360 kwa daraja moja na 314 kwa la pili, zikatiwa nanga ndefu kuzuia mkondo na pepo. Juu yake zikavutwa kamba kutoka nchi kavu hadi nchi kavu: za kitani kutoka kwa Wafoinike na za mafunjo kutoka Misri, mbili za kitani na nne za mafunjo kwa kila daraja. Juu ya kamba mbao, juu ya mbao matawi, juu ya matawi udongo ulioshindiliwa, na kando ukuta ili wanyama wasiyaone maji wakaingiwa na hofu. Nimechora mkato wa daraja hilo tabaka kwa tabaka. Uliompa fundi wazo la ukuta ule lazima uwe uzoefu wa kuvusha punda.

Sasa idadi ya watu. Herodotus anasema askari wa miguu walikuwa 1,700,000, na kwamba walihesabiwa Doriscus kwa kuwasogeza 10,000 wakasimama wamebanana, kuchora duara kuwazunguka, kujenga uzio, kisha kuujaza na kuutoa watu tena na tena. Uzio huo nimeuchora. Namba yake sikuiweka kwenye ramani kama hesabu ya kweli, kwa sababu njia ya jeshi yenyewe haiikubali. Chukua jeshi la watu 100,000 tu. Kila mtu akipewa kibaba chake cha ngano kwa siku, karibu gramu 800, hiyo ni tani 80 kila siku inayokwenda kwa Mungu, kabla hujamlisha farasi hata mmoja. Wanahistoria wa sasa wanataja laki moja, mbili au tatu. Kwa maghala yale matano, hata laki mbili ni mzigo wa kutisha.

Tena jeshi halikula maghala peke yake. Miji ya njiani iliamriwa kuandaa chakula cha jioni. Watu walisaga unga kwa miezi, wakanenepesha ng'ombe, wakafuga bata na ndege wengine kwenye mabwawa, wakatengeneza vikombe vya dhahabu na fedha kwa meza ya mfalme. Asubuhi jeshi liliondoka na hema na vyombo vyote. Watu wa Thasos, kwa ajili ya miji yao ya bara, walitumia talanta 400 za fedha. Kwa kipimo cha Attica hizo ni zaidi ya tani 10. Megacreon wa Abdera aliwaambia wenzake waende mahekaluni wakawashukuru miungu kwamba Xerxes hana desturi ya kula mara mbili kwa siku.

Pembeni mwa karatasi nimeweka watu wa jeshi hilo, mataifa kwa mataifa. Waarabu na ngamia wao waliwekwa nyuma kabisa, kwa kuwa farasi hawavumilii ngamia. Na Waafrika walikuwepo. Herodotus anawaeleza Waethiopia wa kusini mwa Misri, yaani watu wa nchi za Kushi: wamevaa ngozi za chui na simba, pinde zao ndefu za mti wa mtende, urefu wa mikono minne, mishale yenye ncha za jiwe lililonolewa, na wakienda vitani nusu ya mwili wanajipaka chokaa, nusu udongo mwekundu. Wako kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa Wasparta.

Aprili, mwishoni: karatasi ya 5, Thermopylae na Artemisium

Rasimu ya karatasi ya 4 ilipelekwa darasani na mwalimu mwenzangu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona merikebu zao zinabembeleza pwani tu, kwa nini hazikatizi bahari?" Swali hilo nimelijibu kwenye karatasi ya 5, kwa maandishi makubwa. Merikebu ya vita ya safu tatu za makasia ilibeba watu 200, na 170 kati yao ni wapiga makasia. Nafasi ya kuweka chakula na maji ilikuwa finyu mno. Ilipaswa kufika ufukweni karibu kila siku, watu wapike, wanywe, walale. Wanaoimiliki pwani ndio wanaoimiliki bahari.

Ukilishika hilo, Thermopylae na Artemisium zinakuwa vita moja. Leonidas, mfalme wa Sparta, na Wagiriki wapatao 7,000 waliziba njia ya nchi kavu huko Thermopylae. Merikebu za Wagiriki zikaziba njia ya maji huko Artemisium, siku tatu zilezile za mwaka 480 KK. Nimechora ufuko wa zamani kwa mstari mzito, kwa sababu leo anayesimama Thermopylae anaona tambarare pana. Mto Spercheios umejaza tope na kuisukuma bahari mbali kwa kilomita kadhaa. Zamani, mahali pembamba palitosha mkokoteni mmoja. Nimeweka pia kijiji cha Alpenoi nyuma ya njia, ambako Wagiriki walipanga kupata chakula. Kwenye ramani nyingi hakimo.

Wathespia 700, watu wa mji wa Thespiae, waliobaki na Leonidas hadi kufa nimewaandika kwa herufi sawa na Wasparta 300. Kuwaacha pembeni kama inavyozoeleka ni dhuluma.

Upande wa bahari, nimechora pwani ya Magnesia ambako ufuko ulikuwa mdogo, merikebu za Waajemi zikalazimika kutia nanga safu nane kuelekea baharini. Alfajiri dhoruba ikapiga, ikadumu siku tatu. Herodotus anasema merikebu zisizopungua 400 zilipotea, na vyombo vya kubeba nafaka visivyohesabika. Maneno hayo ya mwisho nimeyapigia mstari. Na Wagiriki walipoamua kuondoka Artemisium, Themistocles, kiongozi wa Waathens, aliwaamuru wachinje mifugo ya watu wa kisiwa cha jirani, Euboea, ili adui asiikute.

Mei: karatasi ya 6, Salamis

Nimeianzia Laurion, kwenye migodi ya fedha kusini mwa Athens. Mshipa mpya ulipopatikana miaka ya 480 KK, fedha ilikaribia kugawiwa kwa kila raia. Themistocles akawashawishi wajenge merikebu 200 badala yake. Bila shimo lile, karatasi hii isingekuwepo.

Wagiriki walikuwa na merikebu 378 kwa hesabu ya Herodotus. Zidisha kwa 200: watu zaidi ya 75,000 kwenye kisiwa kidogo cha Salamis, juu yao familia za Waathens zilizohama mji. Hawakuweza kukaa hapo muda mrefu. Xerxes naye, msimu wa pepo mbaya ukikaribia, alikuwa na jeshi la kulisha katika nchi aliyokwisha kuichoma. Pande zote mbili zilikuwa na haraka, na Themistocles alilijua hilo alipomtuma mtumwa wake Sicinnus kwa Waajemi kusema kwamba Wagiriki wanataka kutoroka usiku.

Kwa hiyo nimechora saa, si mishale. Usiku wa manane merikebu za Waajemi zinatoka Phaleron, bandari ya Athens, kuziba milango ya mlangobahari, wapiga makasia wakiwa kazini bila usingizi. Wagiriki wako ufukweni. Alfajiri wanapakia. Mwaka 1987 Ugiriki ilizindua merikebu ya mfano iitwayo Olympias, iliyojengwa ili kujua vyombo hivi vilikwendaje; kwenye majaribio ilibainika kwamba mpiga makasia anahitaji maji karibu lita moja kwa kila saa ya kazi. Weka kipimo hicho kwa mtu aliyevuta kasia tangu usiku wa manane, halafu mwingize kwenye maji membamba yaliyojaa merikebu za wenzake, akabiliane na watu waliolala.

Artemisia, malkia wa Halicarnassus, yuko kwenye karatasi na merikebu zake tano. Alimshauri Xerxes asipigane baharini, angojee tu, kwa kuwa Wagiriki hawana chakula kisiwani. Kati ya ushauri wote uliotolewa mwaka ule, naona huo ndio ulikuwa bora.

Chini ya karatasi kuna mstari wa kurudi: siku 45 hadi Hellespont. Njiani askari walikula nyasi, kisha magome na majani ya miti, na kuhara damu kukawamaliza. Madaraja walikuta dhoruba imeshayavunja, wakavushwa kwa merikebu.

Juni: karatasi ya 7, Plataea, Mycale, Sestos

Mardonius alibaki na sehemu ya jeshi. Mwaka 479 KK alikutana na Wagiriki wa Pausanias, jemadari Msparta, kwenye mto Asopus karibu na Plataea, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kuvuka kwanza. Vita vilipiganwa tumboni kabla ya kupiganwa kwa mikuki. Wapanda farasi wa Waajemi waliteka msafara wa wanyama 500 waliobeba vyakula kutoka Peloponnese, wakaichafua na kuifukia chemchemi ya Gargaphia iliyowanywesha Wagiriki. Upande wa pili, Artabazus, jemadari mwenzake, alimsihi Mardonius warudi Thebes, kulikokuwa na nafaka na majani ya farasi, watulie. Mardonius alikataa. Wagiriki walipohama usiku kutafuta maji, akadhani wanakimbia, akavuka. Aliuawa siku hiyo.

Kwa kila Msparta palikuwa na Waheloti saba, jumla 35,000 kwa Herodotus, watu waliotumikishwa mashambani na sasa wamepelekwa vitani. Nimewawekea alama yao wenyewe. Ushindi ule ni wao pia, ingawa majina yao hayapo kwenye ile nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, iliyowekwa Delphi na majina ya miji 31, ambayo sasa imesimama Istanbul.

Baada ya vita, Pausanias aliwaamuru wapishi wa Mardonius waandae meza kama walivyozoea, kisha watumishi wake wakaandaa chakula cha Kisparta, akawaita majemadari waitazame moja na nyingine.

Sestos ndiyo sehemu ninayoimalizia sasa. Baada ya ushindi wa Wagiriki huko Mycale, pwani ya Ionia, Waathens chini ya Xanthippus waliuzingira mji huo wa Hellespont hadi waliokuwa ndani wakachemsha mikanda ya ngozi ya vitanda vyao na kuila. Ulipoanguka, Waathens walirudi kwao na kamba za madaraja, wakaziweka mahekaluni. Karatasi 1 hadi 6 zimeshakwenda kwa mchapaji. Kwenye ya 7 bado sijaweka mikondo ya Asopus mahali pake, wala njia ya mlima Cithaeron ulikotekwa msafara; nikimaliza hayo itafuata wenzake.